Mteja Aitwaye Shibe

Mshono wa tano ulipotoka mweusi, Wamalwa alizima mashine, akavua kofia ya kulehemu, akaiweka kifudifudi juu ya benchi kama mtu anayefunika sufuria ili wengine wasione kilichoungua ndani.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, na baridi ya Julai ilikuwa bado imeng'ang'ania mabati ya kibanda chake pale Munyaka, Eldoret. Mbele yake vililala vipande viwili vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, vya majaribio tu, alivyokuwa ameviunganisha. Mshono wa stenlesi ukikubali hutoka na rangi ya mabua ya ngano, wenye mawimbi madogo yanayofuatana kama magamba ya samaki. Huu ulikuwa mweusi tii na umejaa vitundu. Hata sindano ya tochi, ile ya chuma kigumu ambayo hubeba moto bila yenyewe kuyeyuka, ilikuwa imeota ukungu wa kijivu kwenye ncha.

Kutoka kibanda cha pili Elphas, fundi wa mageti, alichungulia.

"Mzee, hiyo ni kulehemu ama unachoma makaa?"

"Ni makaa. Kesho nitakuuzia gunia."

"Nitanunua. Lakini mimi nangojea ile mashine."

Hilo la mashine Wamalwa alikuwa amelisema mwenyewe. Jumatatu, baada ya mshono wa kwanza kuharibika, alimwambia Elphas kwamba ikifika Ijumaa hajatoa mshono safi, mashine ya kulehemu stenlesi itakuwa ya Elphas, naye atarudi kwao Bungoma kulima. Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, kama mtu anayetaja saa. Elphas hakujua kama ni mzaha, lakini kwa usalama alikuwa ameshafagia pembe moja ya kibanda chake.

Wamalwa alikuwa na miaka sitini na mitatu. Hakuwa akitania.

Nyuma ya kibanda lilisimama tangi la maziwa la wafugaji wa Kesses, lita mia tano, lenye ufa mrefu kama kiganja kwenye mshono wa chini. Mwenyekiti wao, Nelima, alilileta Jumatatu kwa pikapu. Akaliegemea kama mtu anayeegemea ng'ombe wake mwenyewe.

"Mzee, wewe ndio ulitengeneza hii tangi tangu siku ya kwanza," alisema. "Wengine wanaweza kuiziba, lakini wakiacha vitundu, maziwa inaingia huko inakaa, inaharibu hata ya kesho. Niambie ukweli. Nikuje Ijumaa, ama nitafute mtu Nakuru?"

"Kuja Ijumaa, mama."

Sasa ilikuwa Jumatano na alikuwa na makaa.

Alivuta daftari lake la mistari. Wamalwa hakufundishwa kazi hii na mtu. Aliingia Eldoret akiwa kijana wa kubeba magunia, akanunua mashine mbovu kiwanda kimoja kilipofungwa, na ndani ya sanduku lake akakuta kijitabu cha maelekezo kilichotafunwa na panya. Kile ambacho panya walikuwa wamekula, alikitafuta mwenyewe kwa miaka minne. Hapo ndipo alipopata desturi yake: kitu kikiharibika, unabadilisha jambo moja tu, unajaribu, unaandika. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hata ukifaulu hujui ni lipi lililokuponya.

Daftari lilisema: *Nimesugua chuma kwa spiriti. Bado nyeusi. Nimenoa sindano upya. Bado nyeusi. Nimepaka mpira wa gesi povu la sabuni, hakuna panapovuja. Nimeziba upepo kwa turubai. Bado nyeusi. Nimebadilisha miwani.* Chini ya hapo alikuwa ameacha nafasi, na asubuhi hiyo akaijaza kwa neno moja ambalo alilizunguka tangu Jumatatu. *Mkono.*

Alinyoosha mkono wa kulia mbele ya macho yake. Ulitikisika kidogo, au labda ni baridi. Baba yake mtetemeko ulimwanza vivyo hivyo, kwenye kikombe cha chai.

Gesi hakuiandika. Wala haikumjia akilini kuiandika. Gesi ilitoka duka la Abdikadir, na kwa miaka ishirini na miwili gesi ya Abdikadir haikuwahi kumkosea. Kuandika gesi katika daftari lile kungekuwa kama kumwandika marehemu mwenyewe.

Marehemu. Miezi saba ilikuwa imepita na neno hilo bado lilimkaa mdomoni kama jino la mtu mwingine.

Abdikadir alizaliwa Wajir, akakulia Eldoret, akawa msafirishaji na baadaye mwenye duka la mitungi ya gesi za mafundi. Alikuwa na wafanyakazi wa kubeba, lakini mtungi wa Wamalwa aliuleta mwenyewe. Angeusimamisha pembeni ya pikapu, auinamishe kidogo, kisha autembeze kwa ukingo wake wa chini, mkono mmoja shingoni mwa mtungi na mwingine mfukoni, huku akisalimia kibanda hadi kibanda. Akishaufunga mnyororo ukutani, alirudi garini kuchukua chupa ya chai. Chai yake ilikuwa na iliki, mdalasini na tangawizi nyingi kiasi cha kumtoa mtu machozi. Waliinywa wakiwa wamekaa kwenye mapipa mawili yaliyopinduliwa, na kama hakukuwa na kazi ya haraka, Wamalwa alitoa kitabu.

Kilikuwa kitabu cha kemia cha shule, cha mitumba, chenye jina la mwanafunzi asiyemjua kwenye jalada. Alikinunua kwa sababu ya swali moja. Alijua kwamba agoni, gesi iliyokuwa ndani ya mitungi ile, hufunika chuma chenye moto kisiharibike. Hakujua kwa nini. Chuma kikiwa kimeyeyuka hushikana na kila kitu. Kwa nini kisishikane na agoni?

"Soma," Abdikadir alimwambia siku hiyo.

Wamalwa alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kwamba atomi ina kiini katikati, na elektroni zinazokizunguka kwa tabaka. Kwamba tabaka la nje likiwa na nane limejaa, na atomi ya namna hiyo haina haja ya kupokea elektroni ya mwingine wala kutoa yake. Kwamba agoni ina nane.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Nane?"

"Nane. Ni heli tu iko na mbili, kwa sababu tabaka lake ni dogo, linajaa haraka."

Abdikadir alipuliza chai. "Basi hiyo ni sinia."

"Sinia gani?"

"Kwetu kwa harusi watu wanakaa kwa sinia. Wewe umekuja harusi ya ndugu yangu, uliona. Tuseme sinia inataka watu nane. Wakishakaa nane, umeona mtu anaita mwingine? Umeona mtu anaamka aende kwingine? Hakuna. Sasa angalia ile sinia iko na watu sita. Hao ndio shida. Hao wanasimama mlangoni, kila mtu akipita wanamvuta shati: kuja, kuja, tuko na nafasi mbili."

Wamalwa alitazama kitabu, akatazama mwenzake. "Hiyo ni oksijeni. Iko na sita."

"Si unaona? Ndio maana inaharibu chuma ya watu. Na ile iko na mtu mmoja?"

"Sodiamu."

"Huyo anaona haya kula peke yake. Ataruka aende kwa jirani."

"Anaruka kwa klorini. Iko na saba."

"Wanakuwa nini?"

"Chumvi."

Abdikadir aliweka kikombe chini. Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa kilemba, na si kwa sababu ya tangawizi. Kwa siku nyingi baadaye, akiletewa chakula kisicho na chumvi, alikuwa akisema watu wa sinia hizo mbili hawajapatana.

"Lakini kitabu inaita agoni gesi ajizi," Wamalwa alisema mwenzake alipokwisha kutulia.

"Ajizi ni matusi. Ajizi ni mtu anakataa kazi. Huyu hajakataa kazi. Si anasimama hapo analinda chuma yako siku mzima? Mlinzi haombi hata chai. Huyu si ajizi. Huyu ameshiba."

Wiki iliyofuata mtungi ulikuja umeandikwa kwa chaki nyeupe shingoni, herufi kubwa: SHIBE. Tangu siku hiyo Wamalwa hakuagiza kitu kingine. Alipiga simu akasema, "Nimeishiwa na shibe," na upande wa pili sauti ikajibu, "Wewe kila siku njaa."

Abdikadir alifariki mwezi wa kumi na mbili, asubuhi ya Jumamosi. Wamalwa alikuwa Plateau, nje ya mji, akitengeneza sinki za jiko, simu ikiwa ndani ya koti, koti likiwa limetundikwa msumarini. Alipoiona simu, ilikuwa saa sita na nusu. Alipofika makaburini saa nane, udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa na watu wameondoka. Waislamu hawachelewi kuzika. Alisimama peke yake, kofia mkononi, mavazi yakinuka chuma. Hakwenda nyumbani kwa marehemu siku hiyo, akaona aibu kwenda ya pili, na ya tatu aibu ilikuwa imekua. Hivyo hakulipitia duka tena. Mtungi wa mwisho alioletewa na Abdikadir mwenyewe aliutumia kwa ubahili, akizikataa kazi ndogo, hadi ulipokwisha mwezi wa sita. Hapo ndipo alipopiga simu dukani. Aliyepokea ni Ruwayda, bintiye, ambaye alikuwa ameacha kazi ya ofisini Nairobi ili ashike duka.

"Nikuletee nini, mzee?"

Neno lilimfika kwenye ulimi likasimama. Lilikuwa la watu wawili. Kumwambia msichana asiyemjua, kwa simu, kungekuwa kama kuvaa kanzu ya marehemu bila ruhusa.

"Agoni," alisema.

Mtungi ukaletwa na dereva. Ulikuwa umepakwa rangi mpya, unang'aa. Ndio huo uliofungwa mnyororoni sasa, na hakuwa ameufungua hadi Jumatatu hii.

Saa tano Elphas alirudi, safari hii bila mzaha.

"Mzee, gesi yangu imeisha katikati ya geti. Mwenyewe anakuja saa saba. Nipatie yako kidogo."

Wamalwa alifikiri kidogo. Kwa kuwa yeye hakuwa akiitumia isipokuwa kuchoma makaa, akamfungulia mnyororo. Elphas akautembeza mtungi kwa kusukuma na kuvuta, kwa kelele, akaufunga kwenye mashine yake. Wamalwa alibaki ameketi kwenye pipa. Baada ya muda mfupi alisikia mlio wa moto ukipita kwenye bomba za geti: mlio laini, wa kufululiza, kama mafuta ya kukaangia.

Alisikiliza. Akainua kichwa. Kisha akainuka, akaenda kusimama mlangoni kwa Elphas.

Elphas aliinua kofia. "Agoni yako tamu, mzee. Kama yangu tu."

"Elphas, unakumbuka ule mwaka wa mvua, ulikopa gesi yangu?"

"Ile? Nitasahau aje? Moto ulikuwa unaruka-ruka kama umeona nyoka. Nikakuambia gesi yako imelala."

"Uliniambia."

"Nikarudisha mbio."

"Na leo haijalala."

"Leo iko macho kabisa."

Wamalwa alirudi kibandani kwake polepole. Alikaa. Mafundi wa mageti hawatumii agoni tupu, ile iliyomruka Elphas mwaka wa mvua. Wao hutumia agoni iliyochanganywa na hewa ya ukaa, ambayo huwafaa vizuri kwenye chuma cha kawaida, na katika vibanda vyote vya Eldoret mchanganyiko huo huitwa agoni, basi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuutofautisha na kitu kingine. Hakuna, ila yeye. Yeye aliyekuwa na jina lake. Na siku alipopaswa kulitaja jina hilo, alitaja la watu wengine, akapewa cha watu wengine. Hewa ya ukaa ina oksijeni ndani yake. Katika moto ule oksijeni inafunguka, inarudi kwenye kuvuta watu shati. Ndiyo iliyokula sindano yake.

Alivuta daftari akaandika *Gesi*. Chini ya *Mkono*, siyo juu yake. Neno la kwanza hakulifuta, kwa sababu lilikuwa bado halijajaribiwa.

Alikwenda mjini kwa miguu, akitaka kuyapanga maneno njiani. Aliyapanga akayapangua. Alipofika dukani, kiti cha Abdikadir, kile cha mbao chenye mto wa ngozi, kilikuwa pale pale nyuma ya kaunta, na juu yake alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kichwa kimefunikwa kwa shela ya zambarau, akimfokea mtu wa mipira ya gesi kwa upole. Alipomaliza akageuka.

"Karibu, mzee."

"Mimi ni Wamalwa. Wa Munyaka."

Ruwayda alimtazama vizuri. "Wewe nakujua kwa sauti ya simu tu. Na kwa maneno ya baba. Watu wote walikuja msiba, wewe nikakungoja."

"Nilifika makaburini saa nane."

"Tulizika saa saba."

"Najua, mama. Niliona udongo."

Ruwayda alisogeza kiti kingine mbele ya kaunta, akamwonyesha akae. Wamalwa akakaa.

"Mtungi ulionitumia mwezi uliopita, sina lawama nao. Nataka tu kujua ni wa nini."

"Ni agoni. Ulisema agoni."

"Nilisema."

"Mzee, hiyo agoni nauzia nusu ya mafundi wa mji. Hakuna mtu amerudi kulalamika."

"Hawawezi kulalamika. Ni nzuri kwao. Kosa ni langu. Mimi na baba yako tulikuwa na neno letu, sasa nikaona haya kukuambia. Ni neno la wazee wakicheza."

"Niambie."

"Utacheka."

"Sitacheka."

"Shibe."

Ruwayda hakucheka. Aliweka kalamu chini na kuegemea mbele.

"Unamjua Shibe?"

"Shibe si mtu, mama."

"Nimemtafuta huyo Shibe miezi saba. Nimeuliza kila fundi anaingia hapa. Nimeuliza hadi Plateau. Mmoja akaniambia kuna Shibe alihamia Kitale, akanipatia namba. Nikapiga. Ni mama anauza viatu. Tuliongea nusu saa, sasa ni rafiki yangu."

Mabega ya Wamalwa yalianza kutikisika. Alikuwa mtu wa kucheka bila sauti, na Ruwayda, ambaye aliapa hatacheka, alijifunika mdomo kwa shela.

"Kuja uone," alisema mwishowe.

Nyuma ya duka, ndani kabisa, mbali na ile mitungi iliyopakwa rangi mpya, ilisimama minne ya rangi iliyochubuka, imefunikwa gunia. Ruwayda alilivuta gunia. Kwenye shingo ya kila mtungi, kwa chaki nyeupe, kwa ile S iliyopinda kama ndoana ya samaki, kulikuwa na neno lile.

"Niliwaambia wafanyakazi mtu asiguse, hata kwa rangi. Nikasema ni ya mteja, baba ameandika jina lake, mali ya mtu ni amana. Atakuja siku moja. Kisha nikaanza kufikiri labda naye amekufa."

Wamalwa aliweka kidole karibu na herufi bila kuigusa. Abdikadir alikuwa ameweka akiba ya miaka miwili. Labda alijua hali yake. Labda alipata tu bei nzuri. Alikuwa mtu wa namna hiyo pia. Hakuna njia ya kujua, na Wamalwa hakutaka kuamua.

"Gari liko Turbo leo," Ruwayda alisema. "Kesho nitakuletea mwenyewe. Na utanieleza kwa nini Shibe."

Alimweleza pale pale, wamesimama kati ya mitungi: sinia, watu nane, sita walio mlangoni, mmoja anayeona haya. Ruwayda alisikiliza akiwa amekunja mikono. Mwishowe akauliza, kama vile babake angeuliza:

"Na hao nane hawaamki kabisa? Hata siku moja?"

"Ni nadra. Agoni ni karibu haiwezekani. Lakini kuna jamaa yake mkubwa, zenoni. Sinia yake imekuwa pana sana, wale wa nje wamekaa mbali na chungu, ndiyo kiini, chungu haiwashiki vizuri. Sasa akipita mtu mwenye njaa kali kabisa, anaitwa florini, anaweza kuvuta mmoja. Baba yako aliposikia hiyo alisema hata kwa harusi yao kuna mjomba wa namna hiyo."

"Ni mjomba Abdi," alisema Ruwayda bila kusita.

Alhamisi saa nane Ruwayda alifika. Alijaribu kuutembeza mtungi kwa mkono mmoja, ukamshinda, akatumia miwili. Wamalwa alitamani kusaidia lakini aliona uso wake, akaacha. Walipoufunga mnyororo, nusu ya chaki ilikuwa imebaki kwenye kiganja cha Ruwayda. Aliitazama na hakujipangusa.

Wamalwa alichukua vipande vipya vya majaribio. Hili lilikuwa jambo lenyewe sasa, na alilijua. Gesi ikiwa sawa, daftari lilikuwa limebakiwa na mstari mmoja tu, na mstari huo ulikuwa mkono wake. Alishusha kofia. Moto ukasimama, mdogo, wa samawati, umetulia kama mshumaa ndani ya chupa. Alisogeza mbele, akachovya waya, akasogeza, akachovya. Alipofika mwisho akainua kofia, na kabla hajasema lolote Elphas alikuwa tayari ameinama juu ya benchi.

Mshono ulikuwa na rangi ya mabua ya ngano. Wimbi juu ya wimbi, isipokuwa karibu na mwisho, ambapo moja lilipanuka likaenda upande.

"Hii moja imelewa," Elphas alisema.

"Hiyo ni yangu," Wamalwa alijibu. "Zile nyeusi zote zilikuwa za gesi. Hii ni ya mkono."

"Moja tu?"

"Leo ni moja."

Elphas alihesabu mawimbi kwa ukucha, akakubali. "Kwa hivyo mashine?"

"Haiendi."

"Mimi nilikuwa nimefagia pahali."

"Weka geti hapo."

Elphas aliondoka akinung'unika kwamba atafagia tena mwakani. Wamalwa hakukana. Kwenye daftari, mbele ya neno *Mkono*, aliandika: *Pumzika kila baada ya inchi mbili.* Kisha akamwita Ruwayda wakaenda kwenye tangi.

Aliingiza mpira mmoja wa gesi ndani ya tangi kwanza, akaifungulia kidogo. Agoni ni nzito kuliko hewa, alimweleza. Italala chini, pale pale penye ufa, ilinde upande wa ndani ambao jicho halifiki. "Usiingize kichwa. Haina sumu, lakini haina pumzi." Akampa kofia ya akiba, kubwa kwake, akamwonyesha pa kusimama.

"Baba alikuwa anasimama wapi?"

"Hapo ulipo. Lakini alikuwa anaongea."

"Mimi pia naongea."

"Basi ongea."

Lakini moto ulipowaka hakuongea. Kupitia kioo cheusi ulimwengu wote ulikuwa umetoweka, isipokuwa tone moja la chuma kilichoyeyuka, dogo kama punje ya mahindi, likitembea kando ya ufa na kuufunga nyuma yake. Inchi mbili. Wamalwa akapumzika, akafungua na kukunja vidole, akaendelea. Inchi mbili tena. Katika ile ya mwisho mkono ulitaka kumkimbia. Alisubiri hadi uliporudi, ndipo akachovya waya. Wimbi lilikaa mahali pake.

Alizima moto. Ruwayda alinyoosha mkono kuinua kofia yake.

"Bado," Wamalwa alisema. "Usisogee."

Tochi yake ilikuwa imebaki pale pale juu ya mwisho wa mshono, haina moto tena, ikipuliza tu. Ulisikika mlio mwembamba wa gesi.

"Chuma bado kina joto," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiondoa mkono sasa, hewa itakiwahi. Unaiacha gesi ikae juu mpaka kipoe."

"Kisha gesi inaenda wapi?"

"Hewani, ilikotolewa. Iko vile ilivyokuja. Hii tunayovuta hapa, pumzi mia, karibu moja ni yake."

Walisimama wawili chini ya kofia zao katika giza, vichwa vimeinamia tangi la watu wa Kesses, wakisubiri, hadi mlio ulipokoma wenyewe.